Kibali cha ukaazi au hifadhi ya ukimbizi: pa kuanzia ukiwa Arusha au Moshi

Maswali ni yale yale. "Mjitoleaji wetu ana viza ya utalii ya siku 90, akianza kufundisha Jumatatu kuna shida?" "Mwalimu wetu mpya ni Mkenya, naye anahitaji kibali?" "Jirani yangu amekimbia Kongo, nimpeleke Uhamiaji wakamwandikishe ukimbizi?" Kwa mfuatano huohuo: ndiyo, shida ipo, ndiyo, anahitaji, na hilo la tatu lina maelezo yake, utayakuta chini.

Nimeandika kwa ajili ya karani wa shule, meneja wa lodji, katibu wa parokia, mwenye kampuni ndogo ya utalii, na mgeni mwenyewe kama anasoma Kiswahili. Ukiwa na wakili wa uhamiaji anayekupangia miadi na kukukumbushia tarehe, huna haja na haya.

Kabla ya yote, ujue ofisi tatu zinazochanganywa. Kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji, kwa Sheria ya Uhamiaji ya 1995. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi, kwa sheria ya 2015 ya kuratibu ajira za wageni. Hifadhi ya ukimbizi inaongozwa na Sheria ya Wakimbizi ya 1998 na kusimamiwa na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Uhamiaji na Wakimbizi zote ziko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na hapo ndipo watu wanapodhani ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Faili likianzia ofisi isiyohusika, siku zinakatika bure huku mhuri kwenye pasipoti unazidi kuisha.

Vitu vya kuwa navyo mezani kabla hujagusa kompyuta

- Pasipoti yenye uhai wa kutosha. Ikibakiza miezi michache, ihuishwe kwanza ubalozini kwao.
- Picha ndogo za pasipoti, za karibuni.
- Vyeti vya elimu na taaluma, pamoja na wasifu wa kazi. Cheti cha Kijerumani, Kifaransa au Kichina kitafsiriwe kwa Kiswahili au Kiingereza na mtafsiri anayetambulika, si na binamu aliyesoma huko.
- Mkataba wa ajira uliosainiwa na pande zote mbili, au barua ya mwaliko kama ni mjitoleaji, mtafiti au mwanafunzi.
- Nyaraka za mwenyeji: cheti cha usajili (cha BRELA kwa kampuni, cha msajili husika kwa shirika), TIN, leseni ya biashara, uthibitisho wa kodi. Kampuni ya utalii iongeze leseni ya TALA (leseni ya biashara ya utalii), na iwe hai.
- Mpango wa kurithisha nafasi hiyo kwa Mtanzania. Nitaurudia hapo chini, kwani ndio unaoandikwa vibaya kuliko vyote.
- Barua pepe moja itakayotumika mwanzo hadi mwisho. Isiwe ya mfanyakazi wa muda ambaye mwezi ujao hayupo, kwa sababu kila ujumbe wa mfumo utakwenda huko.

Kibali cha ukaazi, hatua kwa hatua

1. Soma mhuri wa kuingilia. Chukua pasipoti, fungua ukurasa wenye mhuri wa KIA, Namanga, Holili au Tarakea, usogeze kwenye mwanga. Tafuta vitu viwili: tarehe ya kuingia, na muda alioruhusiwa kukaa. Wakati mwingine muda huo umeandikwa kwa mkono, wino umefifia, na tatu inafanana na nane. Hiyo ndiyo tarehe yako ya mwisho, usifuate kumbukumbu ya mgeni. Iandike kwenye kalenda ya ofisi, siyo kwenye simu yako peke yako.

Hapa wenzetu wa Afrika Mashariki huteleza. Tangu Itifaki ya Soko la Pamoja ianze kutumika Julai 2010, raia wa nchi wanachama anaweza kuingia na kuruhusiwa kukaa hadi miezi sita. Miezi hiyo ni ya kukaa. Haimruhusu kusimama darasani wala kukaa mapokezi ya hoteli akilipwa mshahara. Mkenya anahitaji vibali kama mgeni mwingine yeyote wa ajira, hata kama nyumbani kwao ni Taveta na anaiona Holili kwa macho.

2. Chagua daraja. Ukaazi una madaraja matatu. Daraja A ni la mwekezaji au aliyejiajiri. Daraja B ni la aliyeajiriwa. Daraja C ni la wengine: wanafunzi, watafiti, wajitoleaji, wamisionari, waliokuja kwa matibabu na kadhalika. Mke, mume au mtoto wa mwenye kibali huombewa hati ya mtegemezi, na hati hiyo haimpi ruhusa ya kufanya kazi.

Sasa angalia vizuri. Kamishna wa Kazi naye ana madaraja yake, A hadi E, na herufi zake hazilingani na za Uhamiaji. Kwake A ni mwekezaji, B ni taaluma zilizoainishwa kama za afya, C ni taaluma nyinginezo, D ni walio kwenye shughuli za dini na hisani zilizosajiliwa, E ni wakimbizi. Kwa hiyo mhasibu wa kampuni ya safari atakuwa na kibali cha kazi daraja C na kibali cha ukaazi daraja B. Makarani wengi hujaza herufi moja kote wakidhani wanasahihisha kosa, kumbe wanalitengeneza.

Kama mgeni anakuja kufanya utafiti, hata wa miezi michache hospitali ya KCMC au kwenye vijiji vya mlimani, kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kitangulie.

3. Hakikisha kazi yenyewe mgeni anaruhusiwa kuifanya. Hatua hii ni fupi ila ukiiruka umejenga kwenye mchanga. Amri ya Julai 2025 iliwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na mojawapo ni kuongoza watalii ndani ya nchi. Zimo pia duka la vinyago na zawadi za watalii, udalali, uwakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu, na saluni isipokuwa iliyo hotelini au kwa ajili ya utalii. Rafiki yako Mhispania anayeijua njia ya Machame kama kiganja chake bado hawezi kuombewa nafasi ya mwongoza watalii. Usimpe cheo cha "mshauri wa masoko" halafu ukampandisha mlimani na wageni. Wanaokagua geti wanajua kusoma.

4. Anza na kibali cha kazi. Kwa mwajiriwa, Uhamiaji watataka kukiona. Mwombaji ni mwajiri, siyo mgeni. Kibali hiki hutolewa kwa miezi isiyozidi 24, huhuishwa, na kwa mwajiriwa wa kawaida jumla haizidi miaka mitano. Mwalimu, daktari au mhandisi apate kwanza kutambuliwa na mamlaka ya taaluma yake hapa nchini, la sivyo faili litarudi.

Mpango wa kurithisha sasa. Sheria inataka mwajiri aonyeshe kwamba ametafuta Mtanzania wa nafasi hiyo akakosa, na kwamba mgeni atamwachia Mtanzania ujuzi. Nimeona mipango mingi yenye sentensi moja: "Mgeni atawafundisha wazawa." Huo siyo mpango, ni salamu. Andika jina na cheo cha Mtanzania atakayerithi. Andika elimu aliyonayo sasa na anachopungukiwa. Gawa muda: miezi sita ya kwanza atajifunza nini, inayofuata atashika kazi gani chini ya uangalizi, na lini atasimama mwenyewe. Mrithi asaini na mgeni asaini. Tena huyo mrithi awe mtu aliyepo kazini kweli, maana wakati wa kuhuisha mtaulizwa amefikia wapi. Mpango uliosema Neema atakuwa mpishi mkuu baada ya miaka miwili, na Neema aliacha kazi mwezi wa tatu bila nafasi yake kujazwa, utawaweka pabaya.

5. Andika barua ya maombi. Ukurasa mmoja unatosha. Jina la mgeni kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, uraia, namba ya pasipoti, kazi atakayofanya, mahali, muda unaoombwa, na nani atawajibika kwake. Cheo kwenye barua kifanane na cheo kwenye mkataba na kwenye kibali cha kazi. "Meneja wa shughuli" hapa na "Mratibu" pale ni watu wawili machoni pa mkaguzi.

6. Skani kama mtu anayetaka kusomeka. Ukurasa wa pasipoti wenye picha una mistari miwili chini kabisa, herufi na alama za << zimepangana. Hiyo mistari isikatwe. Picha ya simu iliyopigwa juu ya meza ya kahawa, kidole kimeonekana pembeni na taa imemeta katikati ya jina, itakurudisha mwanzo. Kama steshenari ya jirani ina skana, lipa hela kidogo umalize.

7. Jaza maombi kwenye mfumo wa mtandao wa Uhamiaji. Huduma za uhamiaji zilianza kuhamia kwenye mtandao mwaka 2018, na siku hizi ombi la kibali linaanzia huko. Ingia kwa kuandika anwani ya tovuti ya serikali mwenyewe, yenye .go.tz mwishoni. Ukitafuta tu "viza Tanzania" utaletewa tovuti za kibiashara zenye bendera yetu na twiga, zinazotoza juu ya ada halali. Ukimaliza kujaza, hifadhi namba ya ombi mahali wawili mnaweza kuiona.

8. Lipa kwa namba ya malipo tu. Mfumo utakupa namba ya malipo ya serikali. Unalipia benki au kwa simu na unabaki na risiti. Ada hutajwa kwa dola na hutofautiana kwa daraja, kwa hiyo isome kwenye tovuti siku unayolipa, usitegemee karatasi ya mwaka juzi iliyobandikwa ukutani. Mtu akikuambia umpe taslimu "akusukumie", huyo ni kishoka, hata kama anasalimiana na kila mtu getini. Akiwa ni mtumishi, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113.

9. Jibu hoja upesi. Ofisi ikitaka nyaraka ya ziada, itume hiyo iliyoombwa. Watu wengine wakiulizwa cheti kimoja hutuma faili zima upya, na mkaguzi anaanza kusoma mwanzo.

10. Kibali kikitoka, kikague ukiwa bado na uwezo wa kulalamika. Jina, namba ya pasipoti, cheo, jina la mwajiri, mahali pa kazi, tarehe ya mwisho. Kibali hufungwa kwa mwajiri na kazi iliyotajwa; mgeni akihamia shule ya pili ng'ambo ya barabara, anaombewa upya. Baada ya hapo ajiandikishe NIDA kupata kitambulisho cha mgeni mkaazi, kisha weka kalendani tarehe ya kuanza kuhuisha, miezi kadhaa kabla.

Kama mgeni amekimbia kwao

Hapa weka pembeni madaraja yote ya juu. Anayeomba hifadhi haombi kibali cha ukaazi, na usimjazie fomu ya Daraja C "ili apate karatasi kwanza".

1. Muda ni siku saba. Sheria ya 1998 inamtaka aliyeingia nchini akitafuta hifadhi ajitokeze ndani ya siku saba kwa ofisa aliyeidhinishwa, mtendaji wa kijiji, au mlinzi wa amani (justice of the peace). Kwa hiyo kama umempokea Longido, Rombo au Himo, usisubiri hadi umlete mjini: mtendaji wa kijiji anatosha kuanzia. Siku zikiwa zimepita, aende hivyohivyo na aeleze sababu. Kukaa kimya kunazidisha ugumu.

2. Asiogope kusema alivyoingia. Sheria hiyohiyo inamlinda mwombaji hifadhi asiadhibiwe kwa sababu tu ameingia bila ruhusa. Kama mpakani alisema ni mtalii, aseme alisema hivyo na kwa nini. Maelezo mawili yanayopingana ndani ya faili moja ni mabaya kuliko ukweli usiopendeza.

3. Ombeni tarehe ya kujitokeza iandikwe. Jina la ofisi, siku, na aliyempokea. Wewe mwenyeji hili linakuhusu pia: kumficha mtu asiye na ruhusa ya kuwepo nchini ni kosa, na kumpeleka mapema kunawalinda nyote wawili.

4. Apange simulizi yake kwa mfuatano. Aliishi wapi, nini kilitokea, lini, nani alimtishia, alipita wapi, na nini kitampata akirudi. Sababu zinazotambulika ni kuteswa kwa ajili ya rangi au kabila, dini, uraia, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa; na kwa mkataba wa nchi huru za Afrika wa 1969, vita, uvamizi na machafuko makubwa. Ukosefu wa kazi si sababu ya ukimbizi, hata ukiwa mkali vipi. Usimfundishe hadithi. Ukitaka kumsaidia, mtafutie nakala za vitambulisho, hati za hospitali, picha, majina ya vijiji yaliyoandikwa sawasawa.

5. Aombe mkalimani kama Kiswahili chake ni cha sokoni. Mkongomani wa Bukavu na karani wa Moshi wanaweza kudhani wanaelewana huku kila mmoja anasema lake.

6. Usaili ni wa mtu mmoja mmoja. Warundi waliwahi kupokelewa kwa kundi bila kuchunguzwa mmoja mmoja, utaratibu uliositishwa Januari 2017. Kamati ya kitaifa hupitia maombi na kumshauri Waziri, na uamuzi ni wa serikali. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, husaidia na kufuatilia, lakini barua yao haigeuki hadhi ya ukimbizi.

7. Ajue atakakoishi. Mkimbizi kwa kawaida hutakiwa kuishi eneo lililotengwa, kama kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu iliyopo tangu 1996, na kutoka huko bila ruhusa ni kosa. Mwambie hili mapema. Wako waliopanga chumba Unga Limited na kununua godoro wakidhani wakishapata karatasi watabaki Arusha. (Inashangaza kidogo, ukikumbuka kwamba mkutano mkubwa wa Afrika kuhusu wakimbizi wa Mei 1979 ulifanyika Arusha hii hii.) Akitambuliwa na akapata mwajiri, kuna kile kibali cha kazi cha daraja E, nacho hupitia kwa Kamishna wa Kazi.

Mambo yakikwama

*Mhuri unaisha wiki hii na ombi bado liko kwenye mfumo.* Risiti ya maombi si ruhusa ya kukaa. Nenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa na pasipoti, namba ya ombi na risiti, kabla ya siku yenyewe, uulize kuhusu hati maalumu ya muda. Ukienda siku moja baada ya kuisha, mazungumzo yanakuwa mengine.

*Tumempa viza ya biashara, ya dola 250, anaweza kufanya kazi mwaka mzima?* Hapana. Ni ya shughuli za muda mfupi, isiyozidi siku 90. Mtu anayerudi nayo mara tatu mfululizo kwenye ofisi ileile anajichongea mwenyewe.

*Mjitoleaji anasema hapokei mshahara, kwa hiyo si kazi.* Kujitolea kuna kibali chake, Daraja C. Kituo cha watoto chenye wajitoleaji wenye viza za utalii kinahatarisha wageni na usajili wake. Waandikie wanaotuma wageni kutoka Ulaya, tena kabla tiketi hazijakatwa. Wengi wao huwaambia vijana kwamba viza ya dola 50 inatosha, na wanaobanwa ni ninyi mlioko Moshi.

*Jina kwenye cheti si la kwenye pasipoti.* Mara nyingi ni ndoa. Ambatisha cheti cha ndoa, au kiapo cha kuthibitisha majina kilichoapwa mbele ya wakili, tangu mwanzo.

*Pasipoti imepotea ikiwa na kibali ndani.* Ripoti polisi upate taarifa ya upotevu, kisha ubalozi wake, kisha Uhamiaji, kwa mpangilio huo. Ukiwa na nakala ya kibali kwenye barua pepe ile moja niliyoitaja, kazi inapungua nusu.

*Ombi limekataliwa.* Soma sababu kabla ya kumpigia mtu. Ikiwa ni upungufu wa nyaraka, rekebisha uombe tena. Ikiwa ni nafasi yenyewe kwamba Mtanzania anaiweza, barua ya pili yenye maneno makali haitabadili kitu. Badilisha nafasi au uajiri Mtanzania. Na mgeni asiendelee kukaa akitegemea rufaa ya mdomo, maana akipigwa PI, yaani akitangazwa mhamiaji aliyepigwa marufuku, kurudi nchini ni safari ndefu.

*Maofisa wamekuja kukagua na mwenye funguo za kabati yuko Dar.* Wape nakala. Ndiyo maana faili la kila mgeni liwe na nakala ya pasipoti, vibali vyote viwili na risiti, likae mapokezi, na watu wawili wajue lilipo.